Jezi Safi ya Kumi na Nne

Jezi iliyolowa ina harufu yake. Si ya shati, si ya kitenge, si ya shuka. Ni jasho la kijana, nailoni, tope, na ile sabuni ya mawese inayokwangua mikono mpaka vidole vinakunjamana kama vya bibi kizee. Juzi jirani yangu alianika za mwanawe ukutani, zikawa zinachuruzika, nami nikapita na kikapu cha soko nikasimama pale. Jirani akaniuliza, "Mama, kuko nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwambia nini? Kwamba nimegeuka mtoto ghafla, mchana kweupe, na nyanya zangu mkononi?

Nyinyi mliofua kwa mikono, mliokuwa watoto wakati wangu, mtanielewa. Wenye mashine wangoje nje kidogo.

Nilikuwa nakaa Lubunga, kando ya mto, na Koko wangu, ndivyo tunavyowaita bibi zetu, katika nyumba ya mwisho kabla ya reli. Mama alikuwa ameshuka mto kwa boti ya mbao, zile ndefu zinazobeba mchele na mbuzi na watu juu ya watu, akaenda Kinshasa kuuza mchele. Alisema mchele ukiisha atarudi. Basi mimi nikakaa kungoja mchele uishe. Ulipopita msimu wa mvua, ukapita na mwingine, nikaamua kwamba watu wa Kinshasa hawapendi mchele, na nikawachukia wote kwa jumla. Nawaambia mapema, msije mkakaa mkingoja kama nilivyongoja mimi: hakurudi.

Mwanzoni simu yake iliita. Baadaye ikawa ya yule mwanamke anayesema nambari haipatikani. Huyo nilimchukia kuliko watu wa mchele. Niliamini anakaa nyumba moja na mama yangu, ndiye mwenye kushika simu, na ana roho mbaya. Siku moja nilimwomba kwa adabu, "Mama, tafadhali, umupatie mama yangu simu," na yeye akaendelea kusema yake kwa Kifaransa, kisha akakata. Lo! Nililia mpaka Koko akaninyang'anya simu na kuifungia sandukuni.

Koko hakupenda kuulizwa habari za mama. Ukimuuliza anajibu neno moja, "Iko njiani," na kama anafua anapiga nguo juu ya jiwe kwa nguvu zaidi. Nikajifunza kunyamaza. Watoto wa jirani walikuwapo, sisemi walikosekana, ila walisema nanuka jasho la wanaume. Na kweli nilinuka. Koko alikuwa anafulia timu ya vijana ya klabu moja ya ng'ambo, upande wa mjini, na mimi nilikuwa mkono wake wa pili. Basi wao walicheza kwao, nami nilicheza na jezi.

Mleta jezi alikuwa Tonton Faustin, yaani mjomba Faustin, mtunza vifaa wa timu. Kila baada ya mechi alivuka na mtumbwi, mfuko mkubwa begani, akautupa mbele ya mlango akisema, "Mama, watoto wako hawa." Alikuwa mtu wa vicheko, lakini miguu haikutulia; hata maji ya kunywa aliyanywa akiwa amesimama. Siku ya kwanza ya msimu alimweleza Koko, mimi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, kwamba mwaka ule kuna habari kubwa. Mwisho wa msimu watu wa klabu moja ya Kinshasa watakuja kuangalia vijana, na watamchukua mmoja.

"Mumoja tu?" Koko akauliza.

"Mumoja, mama. Lakini ule mumoja anapanda ndege!"

Koko akasema, "Ah, mupira," akainama kwenye beseni lake. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mmoja wa hawa ninaowafulia ataenda kule aliko mama!

Lazima niwaeleze kitu kuhusu kwetu. Mtu hasafiri peke yake. Ikishasikika tu kwamba fulani anashuka Kinshasa, watu wanakuja nyumbani kwake, huyu na kifurushi cha samaki wa moshi, yule na neno la mdomo la kumfikishia dada yake. Na yule msafiri hukaa, akasikiliza, akalirudia lile neno mbele yako ili ujue amelishika. Lakini neno halitumwi bure. Lazima awe mtu aliyewahi kula kwako, au uliyewahi kumtendea jambo. Koko alikuwa akisema, "Mkono mtupu haulambwi," na hata mtoto wa kutumwa chumvi dukani alimpa ndizi kwanza. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nimjue mapema atakayechaguliwa, nimtendee mema msimu mzima, na siku ya safari hatakuwa na uso wa kunikatalia.

Kazi ilikuwa kumjua. Mechi zilichezwa ng'ambo na hakuna aliyekuwa na wazo la kunipeleka. Redio ilitangaza timu kubwa tu; ya vijana nani anaijali? Nikabaki na nguo. Nikaanza kuzisoma.

Tisa, kola yake ilirudi imevutwa kila wiki, nikamwandika mgomvi. Golikipa alikuwa na viwiko vilivyotoboka, nikamwonea huruma. Sita ndiye alikuwa balaa. Jezi ya Sita ilirudi tope jekundu kifuani, tope mgongoni, majani shingoni, mara damu, mara mkono umechanika. Koko aliinyanyua kwa vidole viwili akauliza, "Huyu anachezaka ao analimaka?" Mimi nikaona wazi: huyu ni mzembe, kila saa yuko chini, kila mtu anamwangusha. Nilimfua kwa hasira, na jezi yake niliitia chini kabisa mfukoni.

Na Kumi na Nne. Ee, Kumi na Nne! Jezi yake ya njano ilirudi kama ilivyokwenda. Hakuna tope, hakuna jani, hata jasho lake lilikuwa la adabu. Nikawaza: huyu anakimbia mpaka hakuna anayemgusa. Wenzake wanaanguka, yeye anapita katikati yao kama maji. Alama moja tu alirudi nayo, michirizi ya buluu kwenye makalio ya kaptula nyeupe, wiki hadi wiki, mahali palepale. Ile nayo niliielewa. Nilikuwa nimewaona wavulana wa Lubunga wakifunga bao, wanavyomrukia mfungaji na kumbeba mabegani. Nikasema ndiyo hiyo: kule wanambeba na kumkalisha juu ya kitu fulani cha buluu ili watu wote wamwone. Kila wiki! Nani mwingine angechaguliwa?

Basi nikaanza kumlipa kabla ya kumtuma. Jezi yake niliifua peke yake, ya kwanza, maji yakiwa bado meupe. Ile buluu niliisugua kwa ndimu mpaka vidole vikaniwasha. Wengine niliwaanika kwenye majani, yeye kwenye kamba. Nailoni haitaki pasi ya makaa, kwa hiyo niliikunja vizuri nikaiweka chini ya godoro langu nikailalia, na asubuhi ilitoka imenyooka kama karatasi mpya. Niliiweka juu kabisa ya mfuko. Na nilizungumza nayo, siwafichi. Nilimweleza Kumi na Nne habari za shule, za miguu ya Koko inayovimba, za yule mwanamke wa simu. Alikuwa msikilizaji mzuri. Mwaka mzima sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia mambo hayo.

Tonton Faustin akija, nilimuuliza.

"Tonton, mulishinda?"

"Tulishinda."

"Na Kumi na Ine?"

"Ule? Ule mutoto muzuri sana. Hana fujo na mutu."

Wiki nyingine: "Tulipigwa, mwanangu, usiulize." Nikauliza vilevile, na Kumi na Nne? "Kumi na Ine hana kosa lolote," akasema Tonton, akacheka kidogo, akaomba maji. Nikarudi kwenye beseni nimejaa fahari. Wamepigwa wote, yeye hana kosa.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Wiki ya mechi ya mwisho mvua ilinyesha siku zote, nguo zikakataa kukauka. Tonton Faustin alikuja kuzichukua akakuta nusu bado ziko juu ya moto wa jikoni, Koko amekaa chini, miguu imevimba vibaya. Jezi zilikuwa mifuko miwili sasa, na zile za unyevu hazikutakiwa kuchanganywa na zile kavu.

"Bon," Tonton akasema, "nipatie huyu mutoto. Atabeba ule mufuko mudogo. Jioni namurudisha."

Koko akaniangalia. "Aende. Lakini asicheze na maji."

Mtumbwini nilishika mfuko kifuani kama mtoto mchanga. Kumi na Nne alikuwa ndani, juu kabisa. Nililirudia neno langu kimyakimya njia nzima nisije nikalisahau, maana nilijua leo ndiyo siku, na wale watu wa Kinshasa wamekwisha fika.

Walikuwa wawili, wamekaa chini ya mwavuli na miwani myeusi, wakati jua lenyewe halikuwapo. Mimi sikuwa na haja nao. Nilisimama kando ya mstari wa chaki nikaanza kutafuta. Wachezaji wakaingia, filimbi ikalia, mpira ukaenda huku na huku. Nikahesabu migongo yote ya njano. Nikaanza tena. Tisa huyu, golikipa yule, Sita naye tayari yuko chini kwenye dimbwi. Kumi na Nne hayupo. Nikaogopa: labda mgonjwa, leo, siku kama ya leo!

Nikageuka nimtafute Tonton Faustin, ndipo nikamwona. Alikuwa amekaa. Kijana mrefu, mabega membamba, mikono katikati ya magoti, jezi ya njano imenyooka haina hata mkunjo. Alikuwa amekaa juu ya ubao mrefu, na ubao ule ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, rangi ya bei rahisi inayobanduka na maji ya mvua.

Niliuangalia ubao, nikamwangalia yeye. Kila wiki. Ndimu zote zile.

Nikamwendea. Hata salamu sikutoa. "Wewe njo Kumi na Ine?"

"Njo mimi. Na wewe ni nani?"

"Mimi ninafuaka."

Uso wake ukachangamka. "Ah! Kumbe ni wewe! Benzangu banachekaka. Banasema nikikaa hapa niko kama bwana harusi anangojea bibi."

"Juu ya nini hauchezi?"

Akaangalia uwanjani. "Kocha njo anajua."

"Leo tu?"

"Leo, na ile wiki ingine, na ile ingine. Toka mwanzo, dada."

"Sasa utaenda Kinshasa namna gani?" Nilikuwa napiga kelele sasa. Wenzake kwenye benchi wakageuka. "Utaenda namna gani?"

"Nani alikuambia naenda Kinshasa?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikuwa nimejisomea mwenyewe. Nikakaa chini palepale kwenye majani yaliyolowa nikalia kilio cha aibu, kile cha kufunika uso na nguo. Kumi na Nne angeweza kuniacha. Mimi mtoto wa watu tu, na mechi inaendelea. Lakini akashuka kutoka kwenye ubao wake akachutama, na mimi nikamweleza yote: mama, mchele, neno langu, na kwamba yeye ndiye niliyemchagua. Hakucheka. Alisema tu, taratibu, "Pole. Ungechagua mwingine."

Mechi ile sikuiona. Nilisikia watu wakipiga mayowe mara mbili, tatu, na kila mara jina lilikuwa moja, na mwisho niliponyanyua macho wale wenye miwani walikuwa wamesimama wanamshika mkono kijana mfupi, mwekundu kwa tope kutoka nywele hadi soksi. Sita. Mzembe wangu. Kumbe kule chini ndiko mpira ulikokuwa, na yeye alikuwa anaufuata.

Kabla hajapata hata maji, watu walikuwa wamekwisha mzunguka. Mashangazi, majirani, mwalimu, mwanamke mmoja na kuku. Kila mtu alikuwa na ndugu Kinshasa. Mimi sikuthubutu, huyu sikumtendea lolote jema, zaidi ya kumpiga kwenye jiwe msimu mzima. Kumi na Nne ndiye aliyenishika mkono akatupenyeza kati ya watu kwa mabega yake yale membamba.

"Huyu mutoto njo anatufulia," akamwambia mwenzake. "Iko na neno."

Sita akaniangalia, akatabasamu, meno ndiyo pekee yaliyokuwa meupe. "Njo wewe? Pole sana, dada yangu. Nakutesaka sana. Sema."

Nikasema. "Umuambie mama meno yangu ya mbele yaliota. Mbili. Sababu aliniacha na pengo. Akirudi atafute mutoto wa meno, asitafute wa pengo."

"Meno ya mbele," Sita akarudia, kama inavyotakiwa. "Mama yako jina nani?"

"Odette."

"Iko Kinshasa wapi?"

Sikuelewa swali. "Kinshasa," nikasema. "Kule boti inafika."

Watu wakacheka. Mimi nilidhani Kinshasa ni kama kwetu Lubunga, mtu ukisimama pale mitumbwi inapofika, kufikia jioni umekwisha mwona kila mtu. Sita hakusema hapana. Alisema, "Bon. Odette. Kule boti inafika." Na nasikia alijaribu kweli. Alicheza kule misimu michache kabla goti halijamkatalia, na Tonton Faustin alituambia kwamba kila aliposikia boti ya kwetu imefika alishuka bandarini kuuliza. Kumi na Nne yeye sikumwona tena. Msimu uliofuata namba ile ilivaliwa na kijana mwingine, na jezi ikaanza kurudi na tope.

Jioni ile Tonton alinirudisha bila mzaha wake wa kila siku, akazungumza na Koko pembeni. Nilingoja kupigwa, au kuambiwa nimewaaibisha mbele ya watu wa ng'ambo. Koko alinipakulia lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, akakaa akinitazama nikila, na yeye mwenyewe hakula.

Kesho yake aliamka akavaa kitenge cha kanisani. Akachukua samaki wa moshi waliokuwa wananing'inia juu ya jiko, wote, akawafunga kwenye majani. Akaniambia, "Twende." Koko alikuwa havuki mto siku hizo. Miguu ile ilimfanya apandishwe mtumbwini na wanaume wawili, na upande wa pili tulitembea tukipumzika kila mara kwenye vizingiti vya watu, mpaka tukafika nyumbani kwa shangazi yake Sita, ambako msafiri alikuwa amekaa kwenye kiti anapokea maneno ya watu.

Zamu yetu ilipofika Koko aliweka samaki wake chini. Hakukaa, ingawa walimpa kiti.

"Mutoto wangu huyu alikupatia neno lake jana," akasema. "Mimi pia niko na langu. Ukimuona Odette, umuambie hasira yangu ilikwisha. Arudi tu. Hata na mikono mitupu, arudi."

Nilimtazama Koko. Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu.

Sita alilirudia lote, polepole, asikosee. Hasira ilikwisha. Hata na mikono mitupu. Kisha akauliza lile swali ambalo kila msafiri lazima aulize:

"Niseme ni nani anasema?"

"Useme ni mama yake," Koko akasema.

Mama yake. Miaka yote ile nilikuwa nikimwona Koko akipiga nguo juu ya jiwe, na kichwani mwangu mama alikuwa wangu peke yangu, na kumngoja pia kulikuwa kwangu peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba pale nyumbani kulikuwa na mwingine anayemngoja mtoto wake.